Folda Moja, Wenyewe Watatu

Tarehe 2 Aprili 2014, siku moja tu baada ya Siku ya Wajinga, kampuni ya Canonical ilitangaza kwamba inafunga Ubuntu One. Huduma ya kuhifadhi faili ingezimwa tarehe 1 Juni, kisha watu wangekuwa na hadi tarehe 31 Julai kupakua vitu vyao. Baada ya hapo, kwisha. Kama mle ndani kulikuwa na picha za harusi, tasnifu ama rekodi ya sauti ya marehemu nyanya yako, ungeitoa kabla ya Agosti ama ungeisahau.

Wengi wenu mnaosoma hapa mlikuwa bado shule wakati huo, kwa hivyo hebu nirudi nyuma kidogo. Ubuntu One ilizinduliwa kwa majaribio Mei 2009. Ilikuwa folda ya kawaida kwenye tarakilishi yako. Ukiweka faili humo, nakala yake inapanda hadi kwenye seva za Canonical, kisha inashuka kwenye kila mashine uliyoingia kwa akaunti yako. Ulipewa GB 2 bure, na mwaka 2011 zikawa 5. Jina lenyewe liligusa watu huku kwetu. Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni, ndugu wa damu wa neno letu utu, na Mark Shuttleworth, aliyeanzisha mradi wa Ubuntu mwaka 2004, ni mzaliwa wa Afrika Kusini. Kuanzia 2005 hadi 2011 mradi huo ulikuwa ukituma CD za bure kwa posta kwa yeyote aliyeomba, popote duniani. Ukiwa umezoea kuona teknolojia ikikufikia ya mwisho na kwa bei ya juu, jambo hilo halikuwa dogo.

Mimi hulipwa mara mojamoja, tena si vizuri, kurekebisha folda za aina hii kwenye mashine za Linux. Na kila moja inapogoma, nikichimba vya kutosha, hufika mahali pamoja: nani aliahidi kuitunza? Kuna mwenye huduma, ambaye seva ni zake. Kuna mwenye faili, yaani wewe. Na katikati kuna mtu wa tatu ambaye wengi hawamjui kabisa, anayetengeneza kifurushi.

Kifurushi ninachosema hapa si bando za data. Kwenye Linux, programu nyingi hukufikia kupitia ghala la mradi uliotengeneza mfumo wako, na kila programu imefungwa kwenye kifurushi. Ndani mna programu yenyewe, orodha ya vitu vingine inavyovitegemea, maagizo ya kuisakinisha, na jina na barua pepe ya mtu anayeitunza. Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 na ambao Ubuntu imejengwa juu yake, ndio uliokomaza utaratibu huu. (Deb ni Debra, mpenzi wake wa wakati huo, ian ni yeye mwenyewe.) Mwaka 1999, toleo la 2.1 la Debian lilikuja na APT, na tangu hapo unaandika amri moja na mashine inakwenda kuleta programu pamoja na ukoo wake wote.

Lakini ghala hilo lina sheria moja ngumu. Toleo thabiti likishatoka, linagandishwa. Halipokei mapambo mapya, linapokea viraka vya usalama na marekebisho ya lazima tu. Ukigunduliwa mwanya kwenye programu ya zamani, mtunza kifurushi hachukui toleo jipya la programu. Anachukua kile kiraka peke yake na kukishona kwenye toleo lile kuukuu. Ni kazi ya fundi cherehani anayetia kiraka kwenye koti la miaka mitatu bila kubadilisha mtindo wake. Wengi wao hufanya kazi hiyo kwa kujitolea, usiku, wakitoka kazini. Benki, hospitali na vyuo hupenda sheria hii, kwa sababu mashine iliyolala ikifanya kazi inaamka ikifanya kazi vilevile.

Huduma ya mtandaoni inaishi kwa kasi tofauti kabisa. Seva zinabadilika wiki hii, na programu iliyo kwako lazima ifuate. Ugomvi wote ninaotaka kuwasimulia ulizaliwa hapo.

Msingi wa hesabu zake, hata hivyo, ulikuwepo mapema. Mwaka 1996 Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wakiwa Australia, walitoa programu iitwayo rsync. Swali lao lilikuwa la mtu mwenye intaneti mbovu, ndiyo maana nalipenda. Una faili kubwa hapa, na mwenzako ana nakala ya zamani kule. Utampelekeaje mabadiliko tu, ilhali hujaiona nakala yake? Ukilinganisha kipande kwa kipande utakwama, maana ukiongeza koma moja kwenye ukurasa wa kwanza wa riwaya, kila kitu kinachofuata kinasogea hatua moja na hakuna kipande kinacholingana tena.

Jibu lao lilikuwa hivi. Mwenye nakala ya zamani anaikata vipande vyenye urefu sawa, na kila kipande anakipiga alama mbili za vidole: moja rahisi kukokotoa, nyingine nzito na ya kuaminika. Anatuma alama hizo tu, ambazo ni ndogo sana. Mwenye nakala mpya anachukua dirisha lenye urefu uleule na kulitelezesha juu ya faili yake, baiti moja baada ya nyingine, akiuliza kila hatua: alama hii rahisi niliipokea? Uzuri ni kwamba alama hiyo rahisi haihitaji kukokotolewa upya dirisha linaposogea. Unatoa baiti iliyotoka, unaongeza iliyoingia, basi. Ikilingana, anathibitisha kwa ile nzito. Mwishowe anatuma maneno mapya pekee, pamoja na maelezo ya aina ya "hapa weka kipande chako cha 12". Koma moja inasafiri kama koma moja.

Dropbox ilipokuja ilisimama juu ya wazo hilohilo, ikitumia maktaba iliyotokana nalo, librsync. Drew Houston amesimulia mara nyingi kwamba alipata wazo ndani ya basi la kutoka Boston kwenda New York alipogundua amesahau flashi yake. Yeye na Arash Ferdowsi walianzisha kampuni mwaka 2007 na kufungulia umma mlango Septemba 2008. Mradi ulipoonyeshwa kwa wajuzi mwaka 2007, mmoja wao alisema kwamba mtumiaji wa Linux anaweza kujitengenezea kitu kama hicho kwa urahisi tu: chukua akaunti ya FTP, iunganishe na tarakilishi yako, halafu weka juu yake programu ya kufuatilia matoleo. Maneno hayo yamechekwa hadi leo. Mimi sicheki sana. Kiufundi hakuwa amekosea. Alisahau tu kwamba watu wengi hawana jioni tatu za kupoteza.

Kifurushi cha Dropbox cha Linux kilikuwa na ujanja wake. Ulichosakinisha kupitia ghala, nautilus-dropbox, kilikuwa ganda jembamba la programu huria. Ukiliendesha mara ya kwanza, ganda hilo lilikwenda kwenye mtandao wa kampuni likapakua programu halisi, ambayo msimbo wake ni wa siri, na kuiweka ndani ya folda iliyofichwa ya nyumba yako, .dropbox-dist. Kuanzia hapo programu hiyo ilijisasisha yenyewe. Mtunza kifurushi alikuwa ametia sahihi kwenye bahasha. Barua ililetwa na mtu mwingine. Kwa kampuni hilo lilikuwa suluhisho safi, kwa sababu kuganda kwa ghala hakukuwahusu tena. Kwa mtu wa Debian ilikuwa kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni akajichongea ufunguo wa chumba cha kulala.

Halafu kukawa na nambari 8192. Programu ya kusawazisha inahitaji kujua faili imebadilika lini, na kuikagua folda nzima kila dakika kungeua betri. Kwa hivyo inaiomba kerneli imwambie. Tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005, Linux ina huduma ya namna hiyo iitwayo inotify. Shida ni kwamba inotify haishuki ngazi. Ukiweka mlinzi mlangoni kwa folda ya juu, folda zilizo ndani yake hazilindwi. Kila moja inataka mlinzi wake. Na kwa miaka mingi kikomo cha kawaida kilikuwa walinzi 8192 kwa kila mtumiaji, wakigawanywa na programu zote. Mpiga picha mwenye folda kwa kila siku ya kazi, au msanidi programu ambaye mradi mmoja tu unazaa maelfu ya folda ndogo, alikifikia kikomo bila kujua. Faili zikawa zinabadilika na hakuna kinachopanda. Dropbox yenyewe ilikuwa ikitoa ujumbe wa kukuelekeza uongeze kikomo hadi 100000 kwa kuhariri /etc/sysctl.conf, faili ambayo mtu wa kawaida hana haja ya kuijua maishani. Ni mwaka 2021, kwenye kerneli 5.11, ndipo kikomo kilipoanza kupangwa kulingana na ukubwa wa kumbukumbu ya mashine. Miaka kumi na mitano na ushee. Nani alipaswa kuongeza nambari ile? Kampuni haikuimiliki mashine, mtunza kifurushi alikuwa ametunza ganda tu, na watu wa kerneli hawakuandika Dropbox. Mwenye faili akaachiwa.

Turudi 2009. Mwaka huo ndio nyaya za chini ya bahari zilifika pwani yetu: TEAMS iliguswa Mombasa mwezi Juni, na SEACOM ikawashwa tarehe 23 Julai. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa ikizungumza na dunia kwa setilaiti, na kupakia MB 50 kutoka saiba ilikuwa shughuli ya mchana mzima. Ubuntu One, iliyozaliwa Mei, iliwafikia vijana wa hapa wakati uleule ambapo wazo la kuweka faili mbali na nyumbani lilianza kuwa na maana. Na ilikuja imo ndani ya mfumo. Hukuhitaji ganda wala ujanja, kwa sababu mwenye huduma na mwenye ghala walikuwa kampuni moja.

Lakini upande mmoja tu ndio uliokuwa wazi. Programu iliyo kwako ilikuwa huria, ungeweza kuisoma mstari kwa mstari. Ile ya seva ilifungwa. Watu walilalamika tangu siku ya kwanza kwamba jina lenye maana ya utu limebandikwa kwenye sanduku lisilofunguka. Kampuni ilipofunga, sababu yake ilikuwa ya wazi na, kwa maoni yangu, ya kweli: washindani walikuwa wakigawa GB 25 hadi 50 bure, na haikutaka kuendelea na vita vile vya bei. Agosti 2015, zaidi ya mwaka mmoja baada ya kuzima, ilitoa msimbo wa seva chini ya leseni huria ya AGPL. Ungeweza sasa kusoma jinsi nyumba ilivyojengwa, ilhali wapangaji walikuwa wameshatawanyika. Jina lenyewe halikufa. Leo Ubuntu One ni akaunti tu ya kuingilia kwenye huduma za Canonical, mlango uliobaki baada ya nyumba kubomolewa.

Frank Karlitschek hakusubiri mambo yafike huko. Januari 2010, kwenye mkutano wa wasanidi wa KDE huko San Diego, alitangaza ownCloud: wingu ambalo unaliweka kwenye seva yako mwenyewe. Mwenye huduma na mwenye faili wawe mtu mmoja. Iliandikwa kwa PHP, kwa hivyo ingekaa hata kwenye nafasi ya bei nafuu uliyokodisha kwa ajili ya tovuti. Ilipendwa haraka, na Debian ikaitengenezea kifurushi, na kwa kuwa Ubuntu huchota kutoka Debian, kikaingia Ubuntu pia, kwenye sehemu ya ghala iitwayo universe, ambayo hutunzwa na wanajamii na ambako Canonical haikuahidi chochote kuhusu usalama.

Oktoba 2014 upande wa ownCloud uliwaandikia watu wa Ubuntu ukiomba jambo la ajabu: tafadhali ondoeni programu yetu. Toleo lililogandishwa kwenye ghala lilikuwa la zamani, lilikuwa na mianya ya usalama inayojulikana, na hakuna aliyekuwa akilitia viraka. Watu walikuwa wakiisakinisha kwa imani kwamba kitu kilichotoka ghala kuu ni salama, halafu wanaiweka wazi kwenye intaneti na hati zao zote ndani. Jibu walilopata lilikuwa la kisheria zaidi: toleo likishatoka, ghala lake halitolewi vitu. Anayetaka kulirekebisha alete viraka. Likatolewa wazo la kutengeneza kifurushi kipya kitupu, kisichokuwa na kitu ndani, ili wanaosasisha wapokee hewa badala ya hatari.

Nimesoma mabishano hayo mara kadhaa na bado siwezi kumpa mtu mmoja kosa. ownCloud ilitaka watu watumie vifurushi vyake yenyewe, vya karibuni. Ubuntu ilitaka sheria ile iliyowafanya watu waliamini ghala isivunjwe kila mwandishi wa programu anapoomba. Na mtunza wa Debian, aliyekuwa akiihudumia programu hiyo kwa bidii, hakuwa na mkono ndani ya matoleo ya Ubuntu yaliyokwisha kuganda.

Debian yenyewe ilifikia mwisho wake mwaka 2016, kwa sababu nyingine. Debian hutoa toleo thabiti kila baada ya takriban miaka miwili, na huwaahidi watu kwamba wanaweza kuruka kutoka toleo moja hadi linalofuata bila kituo. ownCloud katika muda huo ilikuwa imetoa matoleo makuu kadhaa, na haikukubali kurukwa: lazima upitie kila moja kwa zamu, maana kila toleo hubadilisha hifadhidata kwa namna ambayo linalofuata tu ndilo linaielewa. Kifurushi kingewezaje kutoka 7 hadi 9 bila kupitia 8, wakati 8 haimo katika ghala lolote thabiti? Wakaiondoa. Mwaka huohuo Karlitschek aliondoka kwenye kampuni aliyoianzisha, na tarehe 2 Juni akatangaza Nextcloud akiwa na wahandisi wengi waliomfuata. Saa chache baadaye kampuni ya ownCloud ya Marekani ilisema wakopeshaji wameifungia mkopo na inafunga duka. Ile ya Ujerumani ikaendelea. Hadi leo Debian ina kifurushi cha programu ya Nextcloud ya mezani, lakini ya seva haina.

Sheria ile ya kutoruka inaweza kusikika kama ubishi wa watu wasio na kazi, kwa hivyo niwape mfano. Kuna kikundi cha maigizo hapa Eastlands ambacho huhifadhi miswada na rekodi zake kwenye Nextcloud, ndani ya tarakilishi kuukuu iliyo chini ya meza. Miaka yao yote imo mle: michezo ya shule, michezo ya uchaguzi, hata ile waliyozuiwa kuicheza. Mzee wa kikundi, ambaye sote tunamwita Guka, alinipigia simu.

"Kijana wangu, mashine imemeza michezo yetu."

"Imemeza ama haionyeshi, Guka?"

"Kwani si ni kitu kimoja?"

Si kitu kimoja. Mmoja wa vijana wa kikundi alikuwa amechomeka diski ya nje na kunakili rekodi moja kwa moja hadi kwenye folda ya data ya seva, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Lakini Nextcloud haiangalii diski unapofungua ukurasa. Inaangalia daftari lake, jedwali lililo ndani ya hifadhidata lenye orodha ya kila faili. Ambacho hakikuandikwa hapo, kwake hakipo. Isitoshe, faili zilikuwa zimenakiliwa na mtumiaji mkuu wa mashine, ilhali seva ya tovuti huendeshwa na mtumiaji mdogo aitwaye www-data, asiyeruhusiwa kugusa vya mkubwa. Nikambadilishia umiliki, kisha nikaendesha amri ya occ files:scan inayopita folda nzima ikiandika upya daftari. Rekodi zikajitokeza moja baada ya nyingine, na Guka akazihesabu kwa sauti kama mchungaji anayehesabu mbuzi jioni.

Hiyo ilikuwa sehemu rahisi. Toleo lilikuwa 25, lililokwisha kuachwa bila viraka, na lilikaa juu ya Ubuntu 20.04 yenye PHP 7.4. Nextcloud 26 haikubali PHP 7.4. Kwa hivyo ilibidi kwanza nipandishe Ubuntu hadi 22.04, yenye PHP 8.1 ambayo 25 na 26 zote zinaikubali, ndipo nipande 26, halafu 27, halafu 28. Kila ngazi na nakala yake ya akiba, kila ngazi na kusubiri hifadhidata ibadilishwe, kila ngazi kuhakikisha mchezo wa 2007 bado unafunguka. Wikendi nzima. Nilipokuwa nikisubiri ngazi ya 27 nilimwelewa vizuri mtunza wa Debian. Angetakiwa kuiandika kazi ile kama maagizo yanayojiendesha, kwenye mashine za watu asiowaona, bila kukosea hata mara moja.

Dropbox nayo haikumaliza vituko vyake na Linux. Agosti 2018 ilitangaza kwamba kuanzia tarehe 7 Novemba, kwenye Linux itafanya kazi juu ya mfumo mmoja tu wa faili, ext4, tena usiosimbwa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kwamba inahitaji mfumo unaoweza kubeba taarifa za ziada juu ya kila faili. Watu wa XFS na Btrfs wakashika vichwa, maana mifumo yao huzibeba taarifa hizo bila shida. Walioumia zaidi ni wale waliotia tiki kwenye kisanduku cha kusimba folda ya nyumbani walipokuwa wakisakinisha Ubuntu, kwa sababu kisanduku hicho kilitumia eCryptfs. Walifanya jambo la busara kulinda faili zao, na sasa busara yao ikawa kizuizi.

Majibu ya mitaani yalikuwa matamu. Wengine walitengeneza faili moja kubwa, wakaiumba kama diski ya ext4, wakaifungua ndani ya mfumo wao na kuiweka Dropbox humo. Mwingine akaandika maktaba ndogo inayojipenyeza kati ya programu na mfumo, Dropbox ikiuliza "hii ni aina gani?" inajibiwa "ext4" bila haya. Ni kama kumvalisha mtu sare ya shule ili apite getini. Julai 2019 kampuni ililegeza kamba na kurudisha ZFS, XFS, Btrfs na eCryptfs, kwanza kwenye toleo la majaribio. Lakini Machi ya mwaka huo ilikuwa imewawekea wenye akaunti za bure kikomo cha vifaa vitatu, na wengi walikuwa wameshahama.

Siku hizi wenye programu wamechoka kubishana na maghala. Programu ya Nextcloud ya mezani hutolewa kama AppImage, faili moja uliyobeba kila kitu ndani, unaipakua na kuiendesha. Ya seva unaweza kuipata kama snap, aina ya kifurushi iliyobuniwa na Canonical, ambayo hukagua masasisho mara nne kwa siku na kujisasisha. Tatizo la 2014 limekwisha hapo: hakuna toleo la kale linalooza ghalani. Limezaliwa lingine. Kitu kinachojisasisha chenyewe saa nane usiku kinakula data bila kuuliza, na kikundi cha Guka hutumia bando za simu. Kuna amri ya kuizuia snap isisasishe mtandao ukiwa wa kulipia kwa kipimo, lakini mashine lazima kwanza ijue kwamba mtandao huo ni wa namna hiyo, na mara nyingi haijui. Halafu, mtakumbuka, programu ya snap iliyo kwako ni huria, na ya duka lake, upande wa seva, imefungwa. Kampuni ni ileile.

Kwa Guka niliiacha bila snap. Nextcloud yake haikutoka kwenye ghala lolote, kwa hivyo hakuna jina la mtunza ndani yake. Nimebandika karatasi ubavuni mwa kasha la tarakilishi, nikaandika toleo, tarehe ya nakala ya akiba ya mwisho, na nambari yangu ya simu. Nilipopita wiki iliyofuata nilikuta mtu ameongeza kwa kalamu nyekundu, kwa mwandiko wa kizee: asipopokea, piga tena.